MWENYE HERI FLORIBERT NA CHAKULA CHA WATU



Leo tuongee juu ya kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981. Kazi yake ilikuwa kupima vyakula vinavyoingia mpakani. Mwaka 2007 watu walitaka kumpa feza ili aruhusu chakula kilichooza kipite. Alikataa, kwa sababu kingewadhuru wenye kukila. Mwezi wa saba walimteka, wakamtesa, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri.

Ndugu zangu, Floribert hakuwajua watu aliowaokoa. Hakuuliza ni wa kabila gani. Alijua tu kwamba wana tumbo kama yeye.

Wewe chefu unayeshika orodha ya posho, ukifuta jina la mjane kwa sababu hana kitu cha kukupa, umepanda vita nyingine. Watoto wake hawatasahau. Na wewe mzazi, ukiandikisha watoto usio nao, unakula sehemu ya jirani.

Si wote tunaoombwa kufa kama Floribert. Lakini siku ya ugawaji kila mmoja anaweza kusema hapana. Orodha isomwe mbele ya watu wote. Asiyesikia jina lake aulize bila woga, na chefu ajibu bila hasira. Amani inaanzia hapo.

Mungu awabariki.