Mti Mzuri Ndio Unaobaki

Wasikilizaji wa Komanda, na ninyi mnaotusikia kando ya barabara za Mambasa, Luna na Bunia, leo tuzungumzie miti ya mbao ngumu.

Libuyu au mvule uliobanwa na jirani zake hurefuka ukitafuta jua, lakini shina hubaki jembamba, kwa kuwa majani machache hutengeneza chakula kidogo. Ondoa miti miwili mitatu inayoufunika: matawi yatatanuka, mizizi itapata maji zaidi, na shina litanenepa.

Jambo hili limepimwa kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwenye msitu wa M'Baïki. Mwaka 1982 watafiti walitenga vipande 10, kila kimoja hektari 4. Vingine viliachwa vilivyo, vingine vikavunwa mbao, na vingine, baada ya kuvunwa, vikapunguzwa miti tena. Katika hivi vya mwisho, miti iliyobaki ilikua haraka zaidi.

Lakini tuelewane, ndugu zangu. Kukata mti bora na kuuza mbao zake si kupunguza. Huko ni kuvuna. Anayepunguza huondoa mti uliopinda, wenye ugonjwa, na kamba za porini zinazopanda shina. Wala asifungue msitu mno: jua likizidi magugu hutawala, na upepo huangusha miti iliyozoea kukingwa.

Wewe mwenye kakao chini ya mivule, itie rangi miti ya kubaki kabla hujamwita mwenye msumeno.