MAJIVU, NDIMU NA MAGADI: USAFI WA NYUMBA USIOTUDHURU

(Hotuba iliyosomwa na mama mmoja mwanachama, mfagiaji wa ofisi, mbele ya mkutano wa wanachama wa Pumwani na mitaa ya jirani. Tumeichapa kwa sababu wanachama wengi waliomba nakala.)



Nimeombwa niseme habari za usafi wa nyumba. Najua baadhi ya mabwana hapa wamekwisha sema moyoni, "Hayo ni mambo ya wanawake, sisi tumekuja kusikia habari za mishahara." Ndugu zangu, ngojeni kidogo. Habari hii imo ndani ya mshahara, tena imo ndani ya mapafu yetu.

Miaka mingi nimefanya kazi ya kufagia na kupiga deki. Jina la mwajiri silitaji, maana sikuja hapa kushtaki mtu. Usiku mmoja tuliambiwa tukiharakishe choo, kwa kuwa asubuhi wangekuja wageni. Tulikuwa na chupa mbili zisizo na karatasi ya maelezo. Moja ilikuwa dawa ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi huiita jik, na ya pili ilikuwa asidi ya kusugulia choo. Msimamizi akasema, "Changanyeni, zitapata nguvu." Mwenzangu akazimimina pamoja ndani ya ndoo. Mara ikatoka hewa ya rangi ya kijani iliyofifia, yenye harufu kali ya kukata pumzi. Mwenzangu akaanguka mlangoni akikohoa. Mimi nilimvuta kwa kanga yangu hadi nje. Alipona, lakini mpaka leo akipanda ngazi hupumzika mara mbili.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba hewa ile ni klorini. Ni hewa ile ile waliyoitumia Wajerumani kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Jirani zetu wa Kariokor wanajua kwamba jina la mtaa wao lilitokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita hiyo. Basi sumu ya vita tuliitengeneza wenyewe ndani ya ndoo, katika choo cha ofisi, kwa sababu hakuna aliyetufundisha.

Tangu siku ile nilijiuliza: je, nyumbani kwangu kuna nini chini ya kitanda? Nikatazama. Kulikuwa na jik, dawa ya mende niliyopimiwa sokoni ndani ya chupa ya soda, na mafuta ya taa katika chupa nyingine ya soda. Na mjukuu wangu wa miaka mitatu hulala juu ya kitanda hicho hicho.

MAMBO YA ZAMANI YALIYOTUSAHAULIKA

Pumwani ni mtaa wa zamani. Serikali ya kikoloni iliufungua mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wazee wetu wakajijengea nyumba za udongo, na paa nyingi zikawa za madebe yaliyonyoshwa. Nyumba moja ilikuwa na vyumba kadhaa na ukumbi katikati. Bibi yangu wa Majengo hakuwa na chupa hata moja ya dawa. Asubuhi alinyunyiza maji uani ili vumbi litulie, akafagia hadi barabarani. Sufuria alizisugua kwa majivu, sinia ya shaba kwa ndimu na chumvi, na brashi yake ilikuwa kumbi la nazi. Nyumba yake iling'aa.

Sisemi turudi nyuma. Nasema tujue kwa nini vitu vile vilifanya kazi, tuvitumie kwa akili.

Uchafu ni wa namna mbili kubwa. Kuna uchafu wa mafuta, kama masizi ya jikoni na jasho la nguo. Huo huondolewa na vitu vya jamii ya magadi na majivu. Kuna uchafu wa ukoko, kama ule mweupe ndani ya birika na kutu ya shaba. Huo huondolewa na vitu vikali vya ulimi, yaani ndimu na siki. Mkijua hilo, mmekwisha pata nusu ya elimu yangu.

Magadi. Hii ni mali ya nchi yetu wenyewe. Inatoka Ziwa Magadi, kusini ya Nairobi, ambako kampuni ya kuichimba iliundwa mwaka 1911 na reli ikajengwa kutoka Konza. Soda yake hutengeneza vioo na sabuni za unga duniani. Sisi twaijua kwa kulainisha maharagwe tu. Tia vijiko 2 vya mezani katika lita 1 ya maji moto, usugue sakafu ya saruji, meza yenye mafuta, mahali pa jiko, na karo. Bomba likianza kuziba kwa mafuta, mimina kikombe cha magadi, kisha maji moto polepole. Lakini sikilizeni: usiloweke sufuria za alumini ndani ya magadi, maana huzila na kuzitia weusi. Tena hukausha ngozi. Vaa glavu, au ukimaliza osha mikono na ujipake mafuta.

Majivu. Yachekeche kwa kitambaa ili yasibakie makaa yanayokwaruza. Yatumie na maji kidogo kusugua sufuria na beseni. Chagua majivu ya kuni safi au makaa. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi, au ya jiko lililowashwa kwa karatasi za nailoni, yatupe; yana sumu. Na maji ya majivu yaliyokaa usiku kucha ni makali, huchoma macho. Yasiachwe mahali pa mtoto.

Ndimu na siki. Birika lenye ukoko wa maji ya kisima, tia siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha kwa saa moja, kisha suuza. Kwa kioo cha dirisha, kikombe 1 cha siki katika vikombe 4 vya maji, ukafute kwa gazeti kuukuu. Kwa shaba, kata ndimu, uchovye chumvi, usugue, usuuze upesi.

Wengine huchanganya siki na magadi, wakiona povu wakasema dawa inapigana na uchafu. Ndugu, haipigani na uchafu. Siki na magadi zinapigana zenyewe, na povu likiisha zote mbili zimekwisha nguvu. Halina hatari, lakini ni hasara ya senti zako. Tumia moja, suuza, kisha nyingine.

Na ubani je? Ubani wanukia vizuri, nami naupenda. Lakini harufu nzuri si usafi. Ondoa uchafu kwanza, ndipo ufukize.

KUNGUNI HAJUI MWENYE NYUMBA WALA MPANGAJI

Sasa nafika kwa adui mkubwa wa mitaa yetu. Mfanya kazi aliyekesha akijikuna hufika kazini amechoka, na mwajiri husema ni mvivu. Kwa uchungu huo watu hununua dawa zisizo na jina, wakapuliza kwenye godoro, kisha wakalalia. Wengine hupaka mafuta ya taa kwenye mbao za kitanda, na pembeni kuna jiko au mshumaa. Mmesikia wenyewe jinsi moto unavyokula mitaa yetu.

Kunguni hufa kwa joto. Toa kitanda nje, tenga watoto mbali, kisha mimina maji yanayotokota katika kila ufa na kila tundu la msumari. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji moto. Godoro lipigwe jua, ligeuzwe, na mishono yake isuguliwe kwa brashi ngumu. Jua peke yake halitoshi, lakini husaidia. Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo au saruji. Halafu rudia kila juma kwa majuma 4, kwa sababu mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Ukifanya mara moja ukaacha, umewapunguza tu.

Na hapa ndipo chama kinapoingia. Chumba kimoja kikisafishwa na vitano visisafishwe, kunguni hupita ukutani wakaenda kwa jirani, na juma la pili wakarudi. Hapana budi nyumba nzima ifanye siku moja. Mimi na wapangaji wenzangu tulikubaliana Jumapili moja. Kijana mmoja alikataa, akisema yeye ni kapera na hana haja. Tulimwendea watu watatu kwa heshima, tukamwambia, "Mwanangu, ukitoka nje tutakusaidia kubeba kitanda." Akakubali. Majuma manne tukafanya pamoja, na sasa twalala. Mgomo wa watu wawili haushindi, na usafi wa chumba kimoja haushindi. Wazee waliogoma Nairobi mwezi wa Mei 1950 walilijua hilo.

Mende nao hawahitaji sumu nyingi. Wanyime chakula na maji. Vyombo visilale vichafu, unga uwekwe katika kopo lenye kifuniko, karo likaushwe usiku, na matundu yazibwe.

MAHALI AMBAPO NDIMU HAITOSHI

Sitaki kuwadanganya. Vitu hivi huondoa uchafu, na uchafu ukiondoka vijidudu vingi huondoka nao. Lakini ugonjwa ukiingia nyumbani, ndimu na majivu havitoshi. Mwaka 2017 kipindupindu kiliingia Nairobi hadi katika mahoteli ya wakubwa. Mgonjwa wa kuhara na kutapika akiwapo, tumieni dawa ya klorini kwa choo chake, sakafu na beseni. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, tia kikombe 1 katika vikombe 6 vya maji baridi. Ikiwa ni nyingine, mwulizeni afisa wa afya. Fungueni dirisha, vaeni glavu. Na dawa hiyo itumike peke yake: isichanganywe na siki, wala ndimu, wala asidi ya choo, wala dawa yenye amonia. Hata choo chenye mkojo mwingi kimwagiwe maji kwanza, maana mkojo nao hutoa hewa mbaya ukikutana na klorini.

Dawa yoyote ya sumu ibaki katika chupa yake yenye jina, juu kabisa, mbali na mtoto. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa kali, usimtapishe, kwa maana humchoma mara ya pili au huingia mapafuni. Mchukue hospitali mara moja, na chupa uibebe ili daktari aione.

HAKI YETU KAZINI

Nyumbani twaweza kuchagua majivu na ndimu. Kazini hatuchagui, twapewa ndoo. Kwa hiyo mabwana waliotaka habari za haki, sasa wazisikie.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mwajiri lazima atoe mavazi ya kinga kwa mfanya kazi anayegusa kitu cha kudhuru. Glavu si zawadi. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Mfanya kazi akiona hatari kubwa yampasa aiseme kwa msimamizi wake, na halazimishwi kurudi humo kabla haijaondolewa. Na akiumia, iko Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo wa 2007. Lakini fidia hufuata taarifa. Mwambie mwajiri mara moja, iandikwe, nawe umwambie mjumbe wa chama. Mwenzangu yule hakuandika chochote, kwa hiyo siku aliyodai, aliambiwa kikohozi chake ni cha vumbi la Majengo.

Wanawake wanaofanya kazi katika majumba ya watu wana taabu zaidi, maana kila mmoja yuko peke yake na bibi wa nyumba. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 juu ya wafanya kazi wa nyumbani, ukisema wao nao wana haki ya mahali pa kazi pasipo na hatari. Mama zangu, msione aibu kuuliza, "Dawa hii ina nini ndani?" Kama chupa haina jina, semeni kwa adabu, "Mama, nitaisafisha kwa magadi, utaona itang'aa."

Namalizia, Bwana Mwenyekiti, kwa mambo matatu ambayo naomba mkutano uyakubali. La kwanza, kila nyumba ya mwanachama itoe leo chupa zote zisizo na jina chini ya kitanda. Zisimwagwe mtaroni, zikusanywe pamoja, na katibu amwulize afisa wa afya wa mtaa namna ya kuziondoa. La pili, kila ploti ipange Jumapili yake ya kunguni. La tatu, kila mjumbe wa chama atazame stoo ya kazini kwake juma hili, aandike ni chupa ngapi hazina maelezo, na alete hesabu hiyo kwa katibu kabla ya mkutano ujao.

Mwenzangu yule ameketi hapa leo. Hakutaka kusema, kwa kuwa pumzi yake ni fupi. Mimi nimesema kwa ajili yake. Nanyi mseme kwa ajili ya wenzenu.

Umoja ni nguvu.