Nani Ametuambia Huyu Mama ni Mchawi?

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Tuliombwa tuzungumze juu ya watu wanaokwenda kinyume na desturi za jamii. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria walevi na vijana wa bangi. Hao tuwaachie siku nyingine. Leo tunauliza: ni nani anayeamua kwamba fulani amepotoka?

Kila jamii ina kanuni zake, na bila kanuni hakuna kikundi. Mweka hazina akila pesa za mzunguko, lazima aulizwe. Lakini kanuni hubadilika, na mwenye nguvu ndiye mara nyingi anayezitunga. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kipande. Babu zetu waliokamatwa bila kile kikebe cha chuma shingoni walishtakiwa kama wahalifu. Walikuwa wamemwibia nani? Chang'aa nayo ilipigwa marufuku mwaka 1980, halafu sheria ya 2010 ikairuhusu kwa masharti. Kinywaji ni kile kile. Aliyekuwa mhalifu jana, akipata leseni leo ni mfanyabiashara. Tulipokuwa chuoni tulisomeshwa habari za Mmarekani mmoja, Howard Becker, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1963 alieleza kwamba mpotovu ni yule ambaye watu wamefaulu kumbandika jina hilo. Wakati ule tuliona ni maneno ya mtihani tu.

Sasa tuje kwa jina baya kuliko yote huku kwetu: mchawi.

Mei 2008, huko Kisii, umati uliwachoma moto wazee 11, wanawake 8 na wanaume 3. Oktoba 2021, huko huko Kisii, wakauawa akina mama wazee 4. Kule Kilifi kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi kwa sababu mvi zimekuwa ushahidi. Hebu fikirini, mzee kuficha uzee wake! Usukumani, Tanzania, wanawake wameuawa kwa ajili ya macho mekundu, na sisi sote tunajua mama aliyepikia kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho ya namna gani.

Tukichunguza, mara nyingi chini ya neno uchawi tunakuta shamba. Mjane amekataa kuondoka, au mzee ana ekari 3 na vijana wanataka kuuza. Kumwambia mtu "tunataka ardhi yako" ni aibu. Kumwambia "umeroga mtoto" kunaleta kijiji kizima upande wako.

Na tusijifanye Kanisa halijui mambo haya. Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, watu kama 40,000 hadi 50,000 waliuawa kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake, na mapadre na wachungaji walikuwa miongoni mwa waliounga mkono. Mmoja aliyepinga ni padre Mjesuiti wa Ujerumani, Friedrich Spee, aliyewahi kuwahudumia waliohukumiwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1631 bila jina lake, maana ilikuwa hatari. Alionyesha kwamba mateso ndiyo yaliyozaa wachawi: mtu akiumizwa vya kutosha atakubali lolote, kisha atawataja majirani ili aachwe. Kwa hiyo idadi ya wachawi ikaendelea kupanda.

Sasa tuseme la hapa nyumbani. Katika kikundi kimoja tunachokitembelea kuna mama mjane. Hatutamtaja, ingawa wengine mtamjua. Si mtu wa maneno mengi, matanga haji kila mara, na alikataa kuweka kidole kwenye karatasi za kugawa shamba la marehemu mume wake. Mtoto wa jirani alipougua na kufa, watu wakaanza kunong'ona. Mwezi uliofuata alileta mchango wake kama kawaida, na hakuna mkono ulionyooshwa kuupokea. Pesa zilikaa juu ya meza. Akazichukua, akafunga kwenye leso, akaenda.

Sisi wafanyakazi wa parokia tulikuwa tumekaa pale. Tulikuwa na vitabu vyetu vya ripoti, na hatukusema neno. Tulijiambia ati kikundi kina uhuru wake. Ukweli ni kwamba tuliogopa kuonekana tunamtetea mchawi.

Tangu siku hiyo tumemtembelea mara 2. Halali usiku. Mlango ameukinga kwa gunia la mahindi.

Sheria ya Uchawi ya 1925 iliweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayemshtaki mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa amepeleka malalamiko kwa chifu, polisi au mkuu mwingine. Anayenong'ona kisimani hajapeleka malalamiko kokote. Viongozi mlijue hilo na mliseme wazi. Tena tunaomba kila kikundi kiandike katika katiba yake kwamba mwanachama hatakataliwa mchango wala kufukuzwa kabla ya kuelezwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujibu mbele ya wote, na kwamba "watu wanasema" si kosa. Mtoto akifa, muulizeni mhudumu wa afya alikuwa na ugonjwa gani. Na kama kuna ugomvi wa shamba, uletwe kwa jina lake la ugomvi wa shamba.

Kuhusu yule mama, akiba yake ya miaka 6 bado iko katika sanduku la kikundi, na jina lake liko daftarini, halijafutwa. Tumewaomba viongozi wake jambo lake liwe la kwanza katika kikao cha mwezi ujao, yeye mwenyewe akiwepo. Tutampitia nyumbani asubuhi, twende naye.