Joto la Maziwa ya Mtoto Mchanga



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya jambo ambalo wanaume wengi hulidharau, wakisema kuwa ni la jikoni. Mimi ni karani, kazi yangu ni kalamu na vitabu vya hesabu, wala si mganga. Lakini jambo hili lilinifikia nyumbani mwangu, ikanilazimu kujifunza.

Dada yangu alifariki, akamwacha mtoto wa siku tisa. Hapakuwa na wa kumnyonyesha, basi tukanunua maziwa ya unga na chupa, na mama yangu akashika malezi. Mama amepika maisha yake yote. Vidole vyake huweza kuepua sufuria bila ya kitambaa. Siku ya pili alichovya kidole katika maziwa, akasema, "Mwanangu, haya ni vuguvugu tu." Mtoto alipotiwa chupa kinywani alilia kilio ambacho hata leo nakisikia. Ulimi uliungua, na kwa siku mbili kila chupa ilipomgusa mdomo aligeuza uso. Kwa mtoto wa umri ule, siku mbili pasipo kushiba si jambo dogo.

Basi nikajiona nimepata hekima. Nikaamuru maji yachemshwe, yaachwe mpaka yapoe kabisa, ndipo unga utiwe, ili maziwa yasimwunguze tena. Nilijisifu kwa amri hiyo mpaka muuguzi mmoja aliponiuliza tufanyavyo, akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipojua ya kuwa maziwa ya unga yana joto la namna mbili, na sisi tulikuwa tukilijua moja tu.

La kwanza ni joto la kuchanganyia. Watu hudhani kwamba unga wa kopo ni safi kabisa, kwa kuwa kopo limefungwa. Sivyo. Kiwanda hakiwezi kuutoa unga ule pasipo kijidudu hata kimoja, na mara chache huwamo vijidudu viitwavyo Kronobakta au Salmonela. Ugonjwa wa Kronobakta ni adimu, lakini ukimpata mtoto wa chini ya miezi miwili huweza kumletea sumu ya damu au homa ya uti wa mgongo, nayo ni maradhi yauayo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, yalitoa mwongozo mwaka 2007, kwamba maji ya kuchanganyia yasipungue digrii 70 za Sentigredi. Maji yaliyopoa, hata yakiwa yalichemshwa vema, hayaui kitu kilichomo katika unga. Tena uvuguvugu ndio hali ipendwayo na vijidudu kwa kuzaana. Amri yangu, ndugu zangu, ilikuwa mbaya kuliko kidole cha mama.

Mtasema kwamba hamna kipimajoto. Chemsheni maji lita moja, yaepueni, yafunikeni, nayo yatumike kabla ya nusu saa kupita. Lakini angalieni: nimesema lita moja, si kikombe, kwa maana maji machache hupoa upesi mno. Na wale wakaao nchi za juu kama Njombe, ambako maji huchemka yapata digrii 93 tu, wasingoje hata nusu saa hiyo. Chupa ya chai, ikijazwa pomoni na kufungwa barabara, huhifadhi joto hilo kwa saa kadhaa, nayo ni msaada mkubwa usiku. Ila isiwe ile inukayo tangawizi. Maji hutangulia, unga hufuata, kwa kipimo cha kijiko kilichomo katika kopo. Wako wapunguzao unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Nawahurumia, maana bei naijua, lakini mtoto huyo hujazwa maji huku akikonda.

La pili ni joto la kunywea, nalo lisizidi joto la mwili, yaani digrii 37. Chupa ikiisha kufungwa, itumbukizwe katika bakuli la maji baridi, maji yasifikie chuchu, kisha itikiswe. Dondosheni matone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, penye ngozi laini. Ukisikia uvuguvugu, au usiposikia kitu, yafaa. Ukisikia moto, ngoja. Kuishika chupa kwa nje hakutoshi, hasa kwa wale wa mjini wapashao maziwa kwa maikrowevu, kwani huacha mahali pa moto mkali katikati ya maziwa yaliyo baridi. Wala si lazima maziwa yapashwe: mtoto mwenye afya huweza kuyanywa yakiwa yamepoa. Yasiyonyweka katika muda wa saa mbili yamwagwe, ingawa roho inauma.

Haya yote ni kwa mtoto aliyekosa maziwa ya mama. Aliye na mama na anyonye, kwani maziwa yale hayahitaji birika wala saa.

Birika lile mlionalo pale liliepuliwa nilipoanza kusema. Akina mama, na ninyi akina baba pia, sogeeni. Tutachanganya chupa moja, na kila mtu ajaribu matone mkononi mwake.