Sinia Moja
(Hotuba kwa jamaa ya Waislamu wa Gisenyi)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya kula pamoja nyumbani, jambo lililo dogo machoni pa wengi. Lakini nyumba haivunjiki kwa siku moja. Huanza kulegea pale ambapo baba amekula mjini, mama amekula jikoni, na watoto wamepakuliwa kila mmoja pembeni pake.

Maswahaba walipomlalamikia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ya kuwa wanakula wala hawashibi, aliwauliza kama hawali mbalimbali. Akawaagiza wakusanyike na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, wapate baraka. Na kijana Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani mwake, alifundishwa adabu tatu: kutaja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Tazameni basi: somo hilo halikutolewa chuoni, lilitolewa kwenye chakula.

Hapana shaka mtaniuliza: Je, sisi watu wa ziwani tutafanyaje? Sambaza, walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi hutoka jioni, hurudi alfajiri. Na wengi katika mama zetu hushinda katika biashara ya mpakani, upande wa Goma. Nami najibu: kula pamoja hakukuwekewa saa maalumu. Nyumba ya mvuvi na ikutane asubuhi, kwa chai na viazi, kabla watoto hawajakwenda shule.

Tena mwezi wenyewe watusaidia. Unapokuwa mpevu, mwanga wake hushinda taa za mvuvi, na sambaza hawakusanyiki sawasawa. Nazo siku hizo ndizo tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo kuzifunga ni sunna. Mvuvi akifunga pamoja na mkewe, magharibi itawakuta wote juu ya jamvi moja, na watoto kati yao.

Neno la mwisho ni letu sisi akina baba wa mjini. Si uungwana mtu kushiba nyama ya kuchoma barabarani, kisha arudi awakute wanawe na maharagwe matupu. Aliyenunua nyama na aifunge, aipeleke nyumbani. Ikiwa kidogo, itagawanyika, kwani tumefunzwa ya kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu. Mtoto aliyeshindwa kula, au aliyenyamaza kwa huzuni, huonekana na yule aliyeketi mbele yake. Asiyeketi naye atajulia wapi?

Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu baraka. Wabillahi tawfiq.