Lori Letu Kuukuu na Kipimo cha Mgandamizo

Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na wazee wa mitaa katika juma la Jubilei



Sisi wa karakana tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi yetu, na yamkini wengi wenu mwatazamia tuhesabu safari na mizigo. Hizo hatutazihesabu. Twataka kuwaeleza jinsi fedha ya mabati ya shule ilivyokaribia kuliwa na injini isiyokuwa na ugonjwa mkubwa. Maana kosa lilikuwa letu, na mitaa mingine bado ina magari ya namna ile.

Lori lenyewe mwalijua: ni Bedford ya aina ya J, ya petroli, yenye silinda sita. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, na hili letu limekwisha kuwa mzee. Mwaka ule wa mabati lilianza kukosa nguvu mlimani. Penye tambarare lilikwenda, ila kwa kusitasita, na likisimama huku injini yanguruma lilitikisika kama mtu mwenye homa. Tukabadili plagi, tukasafisha kabureta; hali ikawa ile ile. Tukamwita fundi mmoja, mtu mwenye sifa. Akalisikiliza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akatuambia kwamba ringi na pistoni zimekwisha. Injini yote sharti ifunguliwe, silinda zichongwe, na pistoni mpya zinunuliwe. Gharama aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na fedha yote iliyokuwa sandukuni. Nasi tukakubali! Barua ya kuwaomba wazee wa shule fedha ile tulikwisha iandika.

Kabla haijapelekwa, alipita karakanani mzee mmoja, dereva aliyestaafu, akauliza, "Wanangu, mmepima kompresheni?" Tukanyamaza. Geji tulikuwa nayo, imelala chini ya spana, wala hatujaitumia hata mara moja.

Neno hilo maana yake ni mgandamizo. Katika silinda, pistoni hushuka ikivuta hewa iliyochanganyika na petroli. Hupanda ikiigandamiza mpaka iwe mahali padogo sana. Ndipo plagi hutoa cheche, na moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Kisha hupanda tena kutoa moshi. Injini ya Lenoir, iliyotengenezwa Paris mwaka 1860, haikugandamiza kitu kabla ya kuwasha, nayo ilikula gesi nyingi na kutoa nguvu haba. Nikolaus Otto wa Ujerumani ndiye aliyefaulu mwaka 1876 kutengeneza injini ya mapigo manne, yenye kugandamiza kwanza. Basi silinda ivujayo imerudi nyuma kwa Lenoir, hata ukiipa plagi mpya kila juma.

Nayo huvuja kwa njia tatu hasa: kando ya pistoni, ringi zikiwa zimelika, kwenye valvu, zisipofunga vema, au kwenye gasketi, ile iliyo kati ya bloku na kichwa cha silinda. Njia ya kwanza ni ya gharama kubwa. Ya tatu ni ya gharama ndogo. Lakini dereva aliyeketi kwenye usukani huona jambo moja tu katika zote, yaani lori halina nguvu.

Mzee akavua koti. Alitaka injini iwashwe kwanza mpaka ipate moto, maana chuma kikiwa baridi hakikai kama kinavyokaa kazini. Kisha ikazimwa, tukapuliza vumbi kando ya plagi lisianguke ndani, tukazitoa zote sita, tukazipanga mezani kwa taratibu ya silinda zake. Akaondoa waya wa koili, ili cheche isirukie mvuke wa petroli. Breki ya mkono ikavutwa, gia ikawa huru, choki ikafunguliwa. Mmoja wetu akakanyaga kanyagio la petroli mpaka chini, maana mlango wa kabureta ukifungwa hewa haiingii ya kutosha, na kipimo husema uwongo. Betri nayo sharti iwe na nguvu. Geji ikafungwa penye tundu la plagi, stata ikazungushwa mpaka pistoni ilipopanda mara tano au sita na mshale ukaacha kupanda. Yeye alisoma, nasi tukaandika.

Silinda ya kwanza, iliyo karibu na rejeta, ilitoa ratili 120 kwa inchi ya mraba. Ya pili 118. Ya tatu 62. Ya nne 60. Ya tano 122. Ya sita 117. Hapo hata mtoto wa darasa la kwanza angaliona penye ugonjwa.

Lakini mzee hakuridhika. Alimimina kijiko kidogo cha mafuta ya injini katika ile ya tatu, akapima tena. Kisha akafanya vivyo hivyo katika ya nne. Mafuta hayo huziba kwa muda nafasi iliyo kando ya pistoni. Kama kosa ni la ringi, mshale hupanda sana. Kwetu ulifika 64 na 61. Basi ringi hazikuwa na kosa. Tena silinda mbili zilizo jirani zikianguka pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao, nazo zapeana pumzi kama vyumba viwili visivyo na ukuta.

Tukafungua kichwa tu. Katikati ya silinda ya tatu na ya nne gasketi ilikuwa imeliwa, na alama nyeusi ya moto yaonekana dhahiri. Tukakumbuka kwamba mwaka uliotangulia tulikifunga kichwa kile sisi wenyewe, tukikaza boliti kwa kukisia. Safari hii tuliweka rula juu ya chuma kuona kama kimepinda, tukatia gasketi mpya, tukakaza boliti kuanzia katikati kwenda pande zote, kwa spana yenye kupima nguvu. Tulipopima tena, ya tatu ilitoa 118, ya nne 119. Barua tukaipasua.

Walimu wameuliza kama hesabu hizi zafaa kwa kila lori. La. Kila injini ina kipimo chake, tena mahali pa juu hewa ni nyembamba: injini iliyopimwa Tanga, ikipimwa Mbeya, yapata mita 1,700 juu ya bahari, hupungua karibu sehemu moja katika tano bila ya ugonjwa wowote. Kwa hiyo linganisheni silinda kwa silinda. Iliyo dhaifu kupita zote isiwe chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu. Na kama ni moja tu iliyoanguka, na mafuta hayakuisaidia, angalieni kwanza nafasi ya valvu. Ikikazwa mno valvu haifungi, na dawa yake ni kuirekebisha kwa robo saa, isipokuwa imekwisha kuungua.

Asiye na geji, na lori lake lina hendeli, aache plagi mahali pake, azime swichi, aondoe waya wa koili, aizungushe injini polepole. Kila silinda nzima humpinga mkono. Iliyo mbovu hupita kama mlango usio na komeo. Ila kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono.

Geji iko hapa mezani. Mtaa wenye lori la petroli na utume mtu aje kuiazima. Ya dizeli msituletee kuipima kwa hii: mgandamizo wake ni mara tatu au zaidi, na geji itapasuka.