WAIFAI YA OFISI NA UJIRANI MWEMA
Hotuba kwa wanachama, Rongai, Nakuru

Ndugu wanachama,

Tumekutana kwa jambo dogo lenye gharama kubwa. Waifai ya ofisi yetu imekuwa nzito. Mwenzetu hutoka shamba la mkonge ili apeleke hesabu ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni, au atazame kama mwajiri amelipa fedha zake za uzeeni. Hukaa saa nzima na ukurasa haufunguki. Saa hiyo ni mshahara wake.

Wengine wamesema tulipe zaidi tupate intaneti ya kasi. Sisi twasema, ngojeni kwanza. Fedha hizo ni ada zenu. Tumefunga kompyuta kwa waya kwenye mtambo huo huo, ikaenda vizuri. Basi ugonjwa uko hewani, hauko katika laini tunayolipia.

Waifai ni redio. Mawimbi yake ya gigahezi 2.4 yamegawanywa chaneli 1 hadi 13. Lakini kutoka chaneli moja hadi ya pili ni megahezi 5 tu, hali kila mtambo hutaka upana wa megahezi 20 hivi. Kwa sababu hiyo twatumia 3 zisizogusana: 1, 6 na 11.

Mtambo wetu uko chaneli 4, na majirani wako 1 na 6. Mtu hudhani 4 ni nafuu kwa kuwa haina mwenyewe. Sivyo. Mitambo ya chaneli moja husikilizana na kungojana zamu. Wa 4 na wa 6 hawaelewani. Kila mmoja ni kelele kwa mwenzake, maneno hupotea na kurudiwa. Ni mkutano usio na mwenyekiti.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Kwa programu ya simu, pimeni chaneli za majirani, asubuhi na jioni.

2. Fungueni ukurasa wa mtambo kwa namba iliyobandikwa chini yake. Chagueni nchi, Kenya, ili mtambo ufuate sheria ya hapa.

3. Katika gigahezi 2.4 wekeni 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache na walio mbali. Kwetu ni 11. Upana uwe megahezi 20, usiwe 40, maana 40 hula nafasi ya wengine.

4. Simu mpya zitumie gigahezi 5, chaneli 36, 40, 44 au 48. Huko nafasi ni kubwa, ila mawimbi yake hushindwa mapema na ukuta wa mawe.

5. Mtambo usikae nyuma ya kabati la chuma wala karibu na jiko la maikrowevu, ambalo nalo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4.

6. Neno la siri liandikwe na kutunzwa na katibu na mweka hazina, lisiwe la fundi mmoja.

Ndugu, mawimbi haya hatuyakodi, na hakuna tajiri aliyeuziwa chaneli. Jirani akihamia 11 kesho, tutarudi tulikoanza. Kwa hiyo wajumbe wawili waende kwa wenye maduka jirani, wapatane nani akae 1, nani 6, nani 11. Mapatano hayo hayana bei. Yakishindwa, ndipo tuzungumze habari ya kulipa zaidi.